Zulia la Kuazima

Siku Tamou alipokosekana kwenye kiti namba nne alikuwa bado hai, tena alikuwa pale pale mlangoni. Alikuwa amevaa jilaba lake la kijivu, ameshika mfuko wa plastiki wenye blanketi, soksi nene na kipande cha mkate. Ilikuwa Jumanne, saa moja kasorobo asubuhi. Kwa miaka mitatu, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, alifika kituo cha kusafisha damu saa ile ile, akapimwa uzito, akaketi kwenye kiti namba nne kando ya dirisha, na kwa saa nne mashine ikafanya kazi ambayo figo zake ziliikataa.

Muuguzi Lahsen alikuwa na swali lake la kila asubuhi. "Lalla Tamou, tende?" Naye hujibu, "Wallahi hata kokwa sijalamba," na wagonjwa wengine hucheka, kwa sababu wote walikatazwa tende, sumu ya moyo kwa asiye na figo, na wote waliziota. Siku ile Lahsen hakuuliza.

"Jina lako halimo," alisema, macho yake yakiwa kwenye karatasi.

Bouazza, mumewe, fundi rangi aliyeacha kupanda ngazi baada ya kisukari kumharibu macho, alisogea mbele. "Halimo wapi?"

"Kwenye orodha, Ba Bouazza. Bima yenu imefungwa tangu jana. Alama ya nyumba yenu kwenye daftari la kaya imepanda, imevuka mstari wa maskini."

"Imepanda? Sisi kila mwaka tunashuka. Hiyo alama imepandia ngazi ya nani?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, halafu akajikoholesha.

"Mwanangu Lahsen," Tamou alisema taratibu, "niingize leo tu. Karatasi tutazihangaikia kesho."

Lahsen alitazama nyuma yake kabla ya kujibu. "Zamani ningekuingiza. Mwaka juzi ungempa mlinzi dirham ishirini na jogoo, ungeingia hata ukiwa maiti. Sasa mashine haiwaki bila kadi, na kadi yako inatoa taa nyekundu. Nisamehe."

Alichosema kilikuwa kweli. Tangu aje Madamu Zhor, msimamizi mpya, kituo kilikuwa kimenyooka. Maji ya mashine yalikuwa safi. Vichujio havikuibwa tena vikauziwa hospitali binafsi. Mlinzi aliyekuwa akiuza nafasi alifukuzwa huku akipiga kelele za binamu zake wa mjini Rabat. Ukutani pa kuingilia palining'inizwa ubao mweupe ulioandikwa kila mwezi: vipindi vilivyofanyika, gharama ya kila kipindi, vipindi vilivyopotea kwa sababu mgonjwa hakufika. Tamou, ambaye hakujua kusoma, alikuwa akimwombea dua mama yule kila alipotoka.

Saa moja na nusu Lahsen aliita jina la mtu wa orodha ya kusubiri. Mwanamume mnene aliinuka akikunja mkono wa shati. Tamou alimtazama akikaa kwenye kiti chake, akisogeza pazia la dirisha ambalo yeye alipenda libaki wazi.

"Twende," Bouazza alimwambia. "Unawazibia watu njia."

*

Kesho yake walikwenda watatu kwenye ofisi ya daftari la kaya: Tamou, Bouazza na binti yao Hnia. Hnia alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Yeye na mama yake walishona vifungo vya hariri vya jilaba, vile vidogo vinavyofumwa kwa sindano kimoja kimoja, kazi ya wanawake wa mji wetu tangu zamani. Mama alikuwa na mkono mwepesi. Hnia alikuwa na mdomo mwepesi.

Karani alikaa nyuma ya kioo, na kwa sababu ya kioo alipaza sauti. Nyuma yao foleni ilikuwa ya watu wa mtaa wao.

"Bili ya umeme!" karani alisema. "Januari na Februari imepanda mara mbili. Nyumba inayokula umeme hivyo si nyumba maskini."

"Ni hita," Hnia alisema. "Mama akitoka kwenye mashine hutetemeka mpaka meno yanagongana. Daktari alisema apate joto. Tulinunua hita kuukuu sokoni."

"Hita ni hita, dada. Kompyuta haijui inampasha nani."

"Basi iambie."

"Siiambii mimi, yenyewe ndiyo inaniambia. Mnaweza kukata rufaa, mkaguzi aje nyumbani aone kwa macho yake. Jibu maswali haya. Vyumba vingapi?"

"Viwili," Bouazza alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii!"

"Viwili!"

"Nyama mnakula mara ngapi kwa wiki?"

Bouazza aligeuza shingo kidogo. Nyuma yake alisimama mwalimu wa madrasa, na nyuma ya mwalimu mke wa fundi baiskeli. "Alhamdulillah," alijibu.

"Alhamdulillah ni mara ngapi?"

Bouazza alishika ukingo wa dirisha kwa vidole ambavyo rangi ilikuwa imeingia kwenye kucha miaka arobaini na haikutoka.

"Hatuli," Hnia alisema. "Andika hatuli. Tunanunua miguu ya kuku Ijumaa."

Bouazza alimtazama binti yake kana kwamba amemvua nguo mbele za watu. Njiani kurudi alitembea hatua kumi mbele yao, na alipofika nyumbani alifungua mdomo mara moja tu. "Miguu ya kuku," alisema. "Ulishindwa hata kusema kuku?"

*

Rufaa ilipokewa, lakini bima ilibaki imefungwa. Alhamisi ikapita. Vifundo vya miguu vya Tamou vilivimba, akawa analala amekaa. Ijumaa Hnia aliuza hita, akauza hereni zake, akachukua malipo ya mbele ya vifungo vya majilaba manne ambavyo alikuwa hajavishona. Jumamosi walimpeleka mama hospitali binafsi, dirham mia nane na hamsini kwa kipindi kimoja. Pale mlangoni walimkaribisha kama bibi harusi, wakahesabu pesa kabla hajaketi.

Alirudi na uso mwepesi, akashona vifungo sita kabla ya magharibi. "Viti vyao ni vya ngozi," alimwambia Bouazza. "Lakini hawaulizi tende."

Jumapili simu ya Hnia ililia, ujumbe umeingia. Mkaguzi atakuja Jumatatu, saa nne asubuhi.

"Tumepona," Hnia alisema. "Aje tu. Akifungua mlango amemaliza ukaguzi."

Tamou hakufurahi. Alizungusha macho chumbani. Palikuwa na mkeka wa plastiki uliotoboka, magodoro mawili membamba yaliyokunjwa, birika la bati lililobanduka rangi, ndoo za Bouazza zilizopangwa kwenye kona. Katika nyumba ile kiti kizuri kuliko vyote kilikuwa ndoo kubwa ya rangi iliyofudikizwa, ambayo Bouazza aliitandikia kipande cha gunia.

"Atakaa wapi?" Tamou aliuliza.

"Nani?"

"Mgeni."

"Mama, si mgeni huyo. Ni mkaguzi. Anakuja kuona kwamba hatuna kitu. Tumwonyeshe kwamba hatuna kitu. Kazi rahisi hiyo, Mungu ameshatusaidia nusu yake."

"Mtu atoke ofisini, apite mtaa mzima watu wakimwona, aingie kwangu nimkalishe kwenye ndoo ya rangi?"

"Ndiyo! Kwenye ndoo! Na chai kwenye gilasi iliyovunjika mdomo!"

"Hnia," Bouazza alisema.

"Baba, mwambie. Mwambie wewe. Au na wewe unaona haya kuliko unavyoogopa mauti?"

"Nimesema Hnia!"

Tamou alingoja wanyamaze. Ndivyo alivyokuwa, hakumpandishia mtu sauti. "Mwanangu," alisema, "wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi ni mwenyeji, na mimi ndiye mgonjwa. Basi acha aje, nami nimpokee."

"Mama, huyu hakuja kwa methali."

"Sijawahi kumpokea mtu kwenye sakafu tupu. Siwezi kuanza uzeeni, kwa sababu ya figo."

Alivaa kandambili, akavuka kichochoro kwenda kwa Batoul, mke wa mchinjaji. Hawakuwa wamesemezana vizuri kwa miaka tisa, tangu mtaro wa maji machafu wa Batoul ulipoelekezwa ukutani kwa Tamou.

"Leo umekumbuka mlango wangu?" Batoul alisema, mikono kiunoni.

"Nina mgeni kesho. Mtu wa serikali."

Batoul alishusha mikono. Kuna maneno ambayo kwetu hayakataliki, na hilo ni moja. "Aka! Mbona hukusema jana, ningelianika zulia juani? Chukua lile la sufi, lililofumwa na mama yangu. Na birika la fedha. Na sinia, na mito. Almasi sina, ningekupa. Wasiende kusema mtaa huu umekufa."

"Mungu akusitiri, Lalla Batoul."

"Na wewe akusitiri. Lakini mgeni wako asimwage chai juu ya zulia langu. Akimwaga, nitamfuata mpaka ofisini kwake."

Jioni ile wanawake wawili walipitisha zulia kichochoroni mabegani mwao kama watu waliobeba jeneza, wakicheka kwa sababu lilikuwa zito. Hnia alisimama mlangoni akayaona hayo yote. Hakusaidia kubeba.

*

Mkaguzi aliitwa Anouar. Alikuwa kijana mwenye viatu safi na kishikwambi kifuani, na alionekana mtu aliyelala vibaya. Alivua viatu bila kuambiwa alipoona zulia.

Zulia lilifunika chumba ukuta kwa ukuta, jekundu na jeusi. Mito ilisimama kwenye ukuta. Katikati palikuwa na sinia ya Batoul, birika la fedha likitoa harufu ya mnanaa, sahani ya lozi, sahani ya vitumbua vya asali, bakuli la maziwa na tende za Tafilalet zilizong'aa. Lozi, vitumbua na tende alizileta Batoul asubuhi ile bila kuombwa, na hakuondoka. Aliketi karibu na mlango, amevaa dhahabu.

"Karibu mwanangu, nyumba ni yako," Tamou alisema. Alikuwa amejipaka wanja. Miguu yake iliyovimba ilikuwa imefichwa chini ya jilaba.

"Asante, Lalla. Naandika kidogo tu, sitakaa." Anouar alizungusha macho, kidole kikigonga kishikwambi. "Zulia ni lenu?"

"La jirani," Hnia alisema upesi. "Hilo la jirani, birika la jirani, mito ya jirani. Mwenyewe huyo hapo mlangoni, muulize."

Anouar alimgeukia Batoul. Batoul alimtazama Tamou. Tamou alikuwa ameinamisha uso, na shingo yake yote ilikuwa imepata moto wa haya. Ndipo Batoul, ambaye miaka tisa alikuwa akimsengenya mwanamke huyu kwa kila aliyetega sikio, aliamua kumstahi.

"Mimi nimekuja kusalimia tu," alisema. "Vitu vya Lalla Tamou sivijui."

"Batoul!" Hnia alipiga ukelele.

"Dada," Anouar alimwambia Hnia, bila ukali, "tangu wiki iliyopita nimeingia nyumba thelathini na moja. Zote vitu ni vya kuazima. Televisheni ya kuazima, friji ya kuazima. Juzi mtu aliniambia ng'ombe ni wa kuazima. Hebu niambie, katika nchi hii nani mwenye vitu?"

"Nenda kwake ukaangalie sakafu! Nenda uone kama kuna zulia kule!"

"Sina kibali cha nyumba yake. Nina kibali cha nyumba hii."

Bouazza alikuwa amekaa kwenye mto wa Batoul kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha kinyozi. Hnia alimtazama. "Baba. Sema."

Bouazza alifungua kinywa. Mlango ulikuwa wazi, na kichochoroni watoto na wanawake walikuwa wamejaa kumtazama mtu wa serikali. "Tunaishi," alisema. "Alhamdulillah."

"Kunywa chai kwanza mwanangu," Tamou alimwambia mkaguzi. "Hayo ya vitu hayakimbii."

"Siruhusiwi, Lalla. Kanuni mpya. Hata maji."

"Kanuni inakataza tende?"

"Inakataza kila kitu."

"Hutaondoka kwangu mdomo mkavu." Tamou alinyoosha mkono kwenye sahani. Kwa desturi yetu mwenyeji huanza ili mgeni asione haya. Alichukua tende, akaichovya kwenye maziwa, akaila akimtazama kijana na kutabasamu. "Unaona? Haina sumu."

"Mama, acha!" Hnia alisema.

Anouar hakunyoosha mkono. Tamou alichukua tende ya pili, akaila pia. Na ya tatu. Mwishowe kijana, labda kwa huruma, labda kwa sababu hakula asubuhi, alichukua lozi moja, akaiweka mfukoni. Halafu akapiga picha: zulia, sinia, mito, birika. Alimwomba Batoul asogeze mguu ili zulia lionekane lote.

Alipokwisha kutoka, Hnia alilikunja zulia akilikanyaga. Batoul alimnyang'anya upande mmoja.

"Taratibu! Unajua bei yake?"

"Najua. Muda si mrefu nitakwambia."

"Nilikuwa namfichia mama yako aibu!"

"Aibu haijamuua mtu kwa siku tatu, Lalla Batoul. Damu chafu inaua."

*

Jibu lilikuja Jumatano. Alama haikushuka. Ilikuwa imepanda tena, mara hii kwa sehemu kubwa, na mwisho wa ujumbe kulikuwa na maneno ya kuwashukuru kwa ushirikiano. Walikuwa na haki ya kukata rufaa nyingine baada ya siku sitini.

Alhamisi Hnia alikwenda kituoni peke yake, akaketi mbele ya ofisi ya Madamu Zhor mpaka akaitwa. Ofisi ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Hapakuwa na zulia.

"Mama yangu ni wa kiti namba nne," alisema.

"Alikuwa. Namfahamu Lalla Tamou. Amenishonea vifungo, nikamlipa bei ya dukani."

"Basi muingize leo. Mara moja. Tangu Jumamosi hajasafishwa."

Madamu Zhor alivua miwani. "Keti. Unajua nilipofika hapa watu wangapi walikuwa wanasafishwa bila kuwa kwenye orodha? Tisa. Shemeji wa mwenye pampu ya mafuta alikuwa anakuja na gari lake. Na kwenye orodha ya kusubiri walikufa wanne. Mmoja alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka mlimani. Kila mmoja wa wale tisa alikuja kwenye kiti hicho ulichokalia, akaniambia: mara moja tu."

"Sisi hatuna pampu ya mafuta."

"Najua."

"Unajua, na humwingizi."

"Nikimwingiza yeye, mlinzi mpya kesho ataniletea jogoo. Mlango ukishafunguka kwa wema, wa pili hufunguka kwa pesa. Nimeshaona."

"Kwa hiyo mama yangu afe ili mlango wako ukae vizuri."

"Usinitilie maneno mdomoni, binti."

"Nikutilie nini? Ubao wako si huo nje unasema yote? Vipindi vilivyopotea, sifuri. Mgonjwa mkishamfuta, hawezi kupoteza kipindi. Hesabu nzuri sana hiyo, Madamu. Mkifuta wote mtapata tuzo."

Madamu Zhor alivaa miwani tena. "Akizidiwa mpelekeni dharura. Dharura haiangalii kadi."

Nje, Lahsen alimfuata Hnia mpaka kwenye ngazi. "Dharura hapa haina mashine," alimnong'oneza. "Watampeleka Fes. Usisubiri azidiwe. Mpeleke leo." Kisha akauliza, kwa mazoea, "Hajala tende, sivyo?"

Hnia alishuka ngazi mbili mbili.

*

Hawakumpeleka Alhamisi. Tamou alisema amechoka tu, tena alikuwa na jilaba moja la vifungo la kumaliza, la wale waliolipa mbele. Bouazza alisema wasubiri Ijumaa, baada ya sala, atamwona mjumbe wa mtaa msikitini amweleze kila kitu. Usiku kucha alikuwa akiyapanga maneno. Alikuwa ameamua kuyasema hadharani, foleni na isikie: kwamba zulia halikuwa lake, kwamba hana kitu, kwamba tangu aache kazi anakula jasho la mke mgonjwa na binti.

Aliyasema. Ijumaa, saa saba mchana, kwenye ngazi za msikiti, alimshika mjumbe mkono wa jilaba akayasema yote kwa sauti, na watu waliokuwa wakivaa viatu walisimama na kiatu kimoja mguuni. Alipofika kwenye miguu ya kuku alilia. Mjumbe alimwambia, "Ba Bouazza, mbona hukusema siku ile?" Akaahidi kuandika barua Jumatatu.

Nyumbani Tamou alikuwa ameinuka kwenda kuchota maji. Hnia alisikia kikombe kikianguka. Alimkuta mama yake ameegemea ukuta, mdomo umeshuka upande, akisema mikono yake ni mizito, mikono yake haimsikii.

Gari la wagonjwa lilikuja baada ya dakika arobaini. Dereva alishuka na kusimama mbele ya mlango wa nyuma. "Fes? Mafuta ya Fes nani analipa?"

"Si la hospitali hilo gari?" Hnia aliuliza.

"Gari la hospitali. Mafuta ya mgonjwa. Dirham mia mbili."

Batoul alitokea kichochoroni hana hata kitambaa kichwani. Alitia mkono kifuani, akatoa noti, akamtupia dereva usoni. "Kula! Kula na za kurudi! Fungua mlango, mwana haramu we!"

Dereva aliziokota moja moja. Alifungua.

Tamou alilazwa ndani, Hnia akaketi kichwani pake, Bouazza miguuni. Alikuwa anasikia. Walipovuka daraja aliuliza kama vifungo wameviona, vile kumi na viwili, aliviweka kwenye kopo la kahawa. Hnia alisema wameviona. Walipofika njia panda ya barabara ya Fes moyo wa Tamou ulisimama. Dereva aliendesha mpaka Fes hata hivyo, kwa sababu karatasi iliandikwa Fes, na huko daktari aliandika saa ya kufika kuwa ndiyo saa ya kufa.

*

Alizikwa Jumamosi, siku yake ya mashine. Watu wengi walikuja. Waliketi juu ya zulia la Batoul, maana yeye mwenyewe alilileta, akalitandaza, na chai ilimwagika juu yake mara mbili, naye akaitazama ikiingia kwenye sufi. Siku ya saba alikuja kulichukua. Hnia alimsaidia kulikunja. Mlangoni Batoul alisimama na mzigo begani.

"Nilidhani namsitiri," alisema.

"Najua."

"Niambie neno basi. Nitukane."

"Sina neno, Lalla Batoul. Angalia ngazi, utajikwaa."

Kwenye kiti namba nne yuko yule mwanamume mnene. Ni mwalimu mstaafu, hufika mapema kuliko wote, na pazia hulifunga. Lahsen humwuliza kuhusu tende. Ubao wa mwezi ule ulisema vipindi vilivyopotea ni sifuri, na gharama ya kila kipindi imepungua.

Jilaba la vifungo lilikwisha. Hnia alishona vilivyobaki, akampelekea mwenyewe, mwenyewe akasema hivi vya mwisho havifanani na vya mwanzo.

Bima ile ile ndiyo iliyokuwa ikilipia insulini ya Bouazza, nayo imefungwa pia. Ana chupa moja na nusu. Barua ya mjumbe ilifika, rufaa imefunguliwa upya kabla ya siku sitini, na ujumbe umekuja kwenye simu. Batoul alipita jana kuuliza kama wanahitaji chochote. Bouazza alimwangalia binti yake, halafu akasema hapana, hatuhitaji.

Mkaguzi atakuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Atakaa kwenye ndoo.